Kundi la Kukaa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata. Yaani nimepata nusu. Profesa wa mifupa anaanzisha utafiti wa magoti na amechukua wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu: mimi na binti mmoja wa darasa letu tunayemwita Kikokotoo, kwa sababu humaliza hesabu kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni. Mwisho wa msimu huu wa mvua, mmoja wetu atabaki na Profesa mwaka mzima kama msaidizi wake, na atasimama kwenye mkutano wa watafiti kusoma matokeo. Mwingine atashukuriwa.

Naitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Mwaka jana nilipoingizwa chumba cha upasuaji mara ya kwanza, nilianguka chali kabla mgonjwa hajaguswa, nikamwangukia muuguzi, na tangu siku hiyo darasa zima linaniita Gunia. Mtu anayezimia akiona kisu lazima atafute mlango mwingine wa kuingilia udaktari. Utafiti hauna damu. Una karatasi na watu waliovaa nguo zao.

Nilimweleza Bibi wakati wa chakula.

"Magoti ya nani?" akauliza.

"Ya wazee."

"Wazee gani?"

"Wowote, Bibi."

Akatafuna polepole.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, chini kidogo ya paa, na paa limeanza kuvuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda. Sasa linavuja juu ya vitabu.

Bibi anaishi chini kabisa. Jengo letu halina lifti, na goti lake halijamruhusu kupanda hata ghorofa ya kwanza tangu nilipokuwa shule ya msingi. Chumba changu hajawahi kukiona. Akinihitaji, hugonga bomba la maji kwa fimbo yake, na mlio unapanda hadi kwangu na kwa majirani wote walio katikati. Jirani wa ghorofa ya pili hufungua dirisha na kupaza sauti, "Unaitwa!"

Ijumaa, 8 Machi

Profesa ametueleza mpango. Ni mama mfupi, anatembea haraka, na anachechemea mguu wa kushoto, jambo ambalo hakuna anayethubutu kulitaja.

Wagonjwa watagawanywa makundi mawili kwa bahasha, kama bahati nasibu. Kundi la kwanza litafanya mazoezi katika chumba cha ndani, mlango umefungwa, na mtaalamu wa viungo tunayemwita Kocha. Kundi la pili litakaa ukumbini kusikiliza mazungumzo ya afya. Hilo ni la kulinganishia. Baada ya miezi mitatu tutaona kama mazoezi yanasaidia kweli au ni hadithi tu, kisha kundi la pili nalo litafundishwa. Kikokotoo atapima kila mtu kwa saa: kuinuka kitini, kutembea hadi ukutani, kurudi, kukaa. Hataambiwa nani yuko kundi gani.

Mimi nitatoa mazungumzo. Nilijaribu kuonekana mwenye furaha.

"Na mkumbuke," Profesa akasema, "namba hazina ndugu."

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumeandikisha washiriki. Nilikaa mezani, koti jeupe limepigwa pasi, nikiuliza kila anayekuja ni goti gani, tangu lini, ngazi anapandaje. Nikasema "Anayefuata" bila kuinua kichwa.

"La kulia," ikajibu sauti ninayoijua tangu kuzaliwa. "Tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni."

Bibi. Amevaa gauni lake la harusi za watu. Nyuma yake, jirani yetu wa chini, Mama Duka, naye kashika goti kana kwamba litaanguka.

"Bibi! Umekuja kufanya nini?"

"Salamu imekwenda wapi?"

Nikaamkia shikamoo. Foleni nzima ikaitikia marahaba.

Nilikimbia kwa Profesa nikitumaini atamkataa. Akasema mtu hazuiwi kutibiwa kwa sababu ana mjukuu, mradi nisimpime mimi, nisimchagulie kundi, na nisizungumzie utafiti nyumbani.

"Hata neno moja?"

"Hata herufi."

Muuguzi akachanganya bahasha. Mama Duka kaangukia kundi la mazoezi. Bibi kaangukia la mazungumzo. Kwa hiyo nitakuwa namhutubia bibi yangu mara mbili kwa wiki kuhusu magoti yake mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi

Bomba. Nimeshuka mbio nikidhani kaanguka. Alitaka kujua kwa nini Mama Duka kapewa mazoezi na yeye kapewa maneno.

"Nimekatazwa kuzungumzia utafiti nyumbani."

"Nani kazungumzia utafiti? Nauliza nini kinafanyika pale mlango ukifungwa."

"Bibi."

"Haya, mume wangu. Kula."

Alhamisi, 14 Machi

Mazungumzo ya kwanza. Nilijiandaa siku mbili. Nilichora goti ubaoni kwa chaki za rangi, nikaeleza mfupa wa juu, mfupa wa chini, na gegedu katikati, lile tabaka laini linalozuia mifupa isisagane. Nikaeleza jinsi linavyokwisha. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Bibi akanyoosha mkono.

"Umetuambia goti linauma kwa sababu limechakaa."

"Ndiyo, Bi... ndiyo, mshiriki."

"Hilo nilikuja nalo kutoka nyumbani."

Wakacheka wote. Mwalimu mstaafu wa jiografia akauliza wenzao ndani wanafanya nini. Nikasema siruhusiwi kueleza.

"Wao wanasimama, sisi tunakaa," Bibi akasema. "Basi sisi ni Kundi la Kukaa."

Jina limeshika palepale. Ni mtu mmoja tu aliyenitetea, dereva mstaafu wa malori, mzee mkubwa wa mwili, mikono miwili juu ya bakora. "Tulisomewa masharti, tukasema ndiyo," akasema. "Ukishasema ndiyo, kaa."

Bibi akamtazama kama mtu anayekadiria bei ya samaki.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Bomba. "Je, ni kweli Kocha anawainua bila kushika kiti?" Nimekula nikaondoka.

Jumatatu, 25 Machi

Leo ukumbini walikuja nusu. Waliokuja walinitazama kama watu wanaosubiri basi. Nilipogeuka kuchora, mwalimu wa jiografia akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba kijana ana mwandiko mzuri. Mlangoni nilikutana na Kikokotoo, kavaa koti lake, saa ya kupimia shingoni, hana hata tone la jasho. Akaniuliza mambo yanaendaje. Nikasema vizuri sana. Simwamini yule msichana. Hacheki, halalamiki, na hajawahi kumwangukia mtu.

Jumatano, 3 Aprili

Kuna mabadiliko! Leo Kundi la Kukaa limekuja lote, kabla ya saa, na wamechangamka kama wanakwenda sherehe. Mwalimu wa jiografia kanipa mkono. Nilizungumza kuhusu uzito wa mwili na hakuna aliyenibishia, hata Bibi.

Nadhani ni zile chaki za rangi.

Jumanne, 9 Aprili

Wamekuja wote tena. Baada ya muda mfupi walianza kusinzia, lakini walisinzia vizuri, kwa tabasamu. Nadhani msikilizaji akimwamini mzungumzaji mwili wake hulegea. Aliyebaki macho ni mzee dereva peke yake, kanuna. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Mimi nakaa," akageuza uso.

Huenda nina kipaji cha kufundisha ambacho hakuna aliyewahi kunigundulia.

Jumanne, 16 Aprili

Bomba halijagongwa wiki nzima. Nikaingiwa na wasiwasi, nikashuka. Bibi mzima, anaimba. Sebule yake imejaa viti vya Mama Duka. Kasema anamtunzia, dukani kunavuja.

Jumatano, 24 Aprili

Siku ya kupima katikati. Mimi siruhusiwi kuingia, lakini mlango una kioo. Kikokotoo kabonyeza saa, Bibi kainuka kitini bila kushika popote, kaenda hadi ukutani, karudi, kakaa. Nilishika mdomo nisipige kelele. Halafu mwalimu wa jiografia, vivyo hivyo. Halafu wengine wa kwangu, mmoja baada ya mwingine.

Kundi langu! Watu ambao sikuwapa kitu ila maneno! Nimeanza kuandika hotuba ya mkutano wa watafiti. Inaanza hivi: "Waheshimiwa, tumedharau mno uwezo wa mazungumzo." Nimeisoma mbele ya kioo. Inahitaji pumzi kidogo baada ya "mno".

Ijumaa, 26 Aprili

Kikokotoo kaniuliza kama mimi na bibi yangu tunaishi jengo moja. Nikasema ndiyo. Akasema "Aha." Akaondoka. Wivu.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika haya nikiwa nimelowa hadi mfukoni, na sijali.

Mvua ilijaza maji ukumbini asubuhi, tukaahirisha kila kitu, nikarudi nyumbani mapema. Kwenye korido ya chini nilisikia fimbo ikigonga sakafu, na sauti ya Bibi: "Juu! Chini! Juu! Chini! Wewe, mwalimu, umeshika kiti, tumekuona!"

Nikasukuma mlango.

Kundi la Kukaa lote lilikuwa sebuleni, kwenye viti vya Mama Duka, mistari miwili, kanga zimefungwa kiunoni, mashati yamelowa jasho. Wanainuka na kukaa, wanainuka na kukaa. Mbele yao Bibi, fimbo mkononi. Pembeni yake Mama Duka, mshiriki halali wa kundi la mazoezi, akimnong'oneza linalofuata. Na kwenye kona, mikono juu ya bakora, mzee dereva amekaa. Kaja kuwatazama tu.

Waliponiona, waliganda. Wengine walikuwa juu, wengine chini, mwalimu wa jiografia alikuwa katikati na magoti yakimtetemeka. Kisha Bibi akasema kwa utulivu, "Kaeni." Wakakaa wote kwa mpigo, mikono mapajani, wakanitazama.

"Karibu, mume wangu," Bibi akasema. "Tulikuwa tunazungumza."

"Niliwaambia," mzee dereva akasema kutoka kona. "Niliwaambia tulisema ndiyo."

Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu akinipa pole kama nimefiwa. Na kutembea walitembea vizuri, jambo lililonikata maini zaidi. Mama Duka alibaki mlangoni. "Sasa mwanangu," akasema, "nimeoneshwa kitu kinaniondolea maumivu. Jirani yangu analia na goti upande wa pili wa ukuta. Ninyamaze? Ningemtazama vipi usoni?"

Akaenda zake. Nikabaki na Bibi.

"Kwa hiyo hotuba zangu," nikasema.

"Zinapumzisha. Tulikuwa tunatoka hapa hoi, tunakuja kwako tunalala."

Hapo ndipo niliposema yote niliyokatazwa kusema. Nilimwambia Kundi la Kukaa lilikuwa la kulinganishia, na sasa makundi yote mawili yamefanya mazoezi, hakuna tena cha kulinganisha na chochote. Wiki zote hizi zimekwenda na maji. Nikamwambia kuhusu nafasi, na kuhusu Gunia, ambalo nilikuwa nimemficha, na kwamba sina mlango mwingine. Nina umri wa miaka ishirini na mbili na nililia mbele ya viti vya Mama Duka.

Bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulihitaji tusipone," akasema.

"Nilihitaji kujua kama mngepona. Baada ya miezi mitatu mngefundishwa nyote, mliambiwa."

"Miezi mitatu. Wewe una miezi ya kuchezea. Mimi kila asubuhi nikishusha miguu kitandani nasali kwanza. Halafu mtu ananionesha jinsi ya kuinuka, na wewe unataka nisubiri?"

Nilikuwa na hasira naye na nilijua ana haki, na sijui lipi liliniuma zaidi.

Akanimiminia chai. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Basi nyamaza tu. Na sisi tutanyamaza. Yule mzee hawezi kunyamaza, lakini hakuna anayemuuliza kitu."

Jumanne, 30 Aprili

Sikwenda hospitalini. Bomba limegongwa. Sikushuka. Jirani wa ghorofa ya pili: "Unaitwa, jamani!"

Nikinyamaza, nafasi bado iko wazi, na huenda ni yangu. Lakini Profesa ataandika kwamba kumhutubia mtu mwenye goti bovu kunasaidia sawasawa na mazoezi. Itachapishwa. Daktari mmoja mahali fulani ataisoma, na yeye atakuwa na wagonjwa wengi na Kocha hana. Atamkalisha bibi wa mtu mwingine kwenye kiti, atachora goti kwa chaki za rangi, atamwambia nenda nyumbani. Na yule bibi huenda hana Mama Duka.

Nimechana hotuba.

Alhamisi, 2 Mei

Nilimkuta Kikokotoo nje ya ofisi ya Profesa, kakaa benchini.

"Unakwenda kusema?" akauliza.

"Kusema nini?"

"Nimepima watu wote. Sijui nani yuko wapi, lakini nilitarajia kuona watu wa aina mbili. Nimeona wa aina moja, na mzee mmoja. Halafu wiki iliyopita nilikwenda kununua sabuni kwenye duka la jengo lenu, nikasikia fimbo."

"Umejua muda wote huo? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, ungeitwa mdanganyifu. Ukisema wewe, utaitwa mjinga tu." Akasogea nikae. "Mjinga si mbaya sana."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimekaa miezi miwili nikimchukia mtu bure.

Alinisukuma mgongo hadi ndani ya ofisi ya Profesa. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Profesa akavua miwani.

"Kundi lote?"

"Lote, Profesa. Isipokuwa mzee mmoja."

"Yeye kwa nini hakufanya?"

"Anasema alisema ndiyo."

"Kwa hiyo," akasema, "kundi langu la kulinganishia ni dereva mmoja wa malori."

"Mstaafu, Profesa."

Sikutaka kuongeza hilo, lilitoka lenyewe. Akaniambia niondoke kabla hajapandisha shinikizo la damu. Nilipofika mlangoni akaniita. "Kiongozi wao ni nani?"

"Bibi yangu."

Akafumba macho. "Ondoka."

Jumatatu, 6 Mei

Utafiti umesimamishwa. Mvua nayo imepungua, kana kwamba ilikuwa inasubiri hilo.

Ijumaa, 10 Mei

Profesa kaagiza wote wafundishwe pamoja, mlango wazi. Tatizo likawa mzee dereva. Aligoma. Alisema aliahidi kukaa miezi mitatu na miezi mitatu haijaisha. Kocha kambembeleza, muuguzi kambembeleza. Mwisho Profesa mwenyewe akaja, akachechemea hadi mbele yake, akamwambia, "Mzee, mimi ndiye niliyekuomba ukae, na mimi ndiye ninayekufungua. Wewe peke yako ndiye uliyenitunzia utafiti wangu. Asante."

Mzee akafikiri. "Basi kaa na wewe, tuinuke wote," akasema. "Hilo goti lako tunaliona wote."

Kisha Profesa akavuta kiti, akakaa karibu yake, na Bibi, bila kuombwa na yeyote, akagonga fimbo sakafuni.

"Juu!"

Ijumaa, 17 Mei

Jua kali. Paa limekauka.

Nafasi kapewa Kikokotoo. Profesa alituita wote wawili akasema bila kuzunguka: mwenzangu alijua kuna kasoro kwa kutazama namba tu, hiyo ndiyo kazi. Mimi nilikaa ukumbini na watu hao hao wiki zote hizo nikadhani wanalala kwa sababu ya ufasaha wangu. Ni kweli. Kisha akaniambia niandike ukurasa mmoja wa kilichotokea, bila kujitetea, atausoma akipata nafasi. Kikokotoo aliponipa mkono alisema Gunia ni jina baya, atawaambia darasani waache. Nikamwambia asihangaike. Nimeshashukuriwa, inatosha.

Nimerudi nimepanda moja kwa moja hadi chumbani kwangu, sikupitia chini. Nimejilaza natazama alama za maji darini. Nilijua bomba litagongwa, na nilikuwa nimeamua kutoshuka. Nimeumia, na nilitaka kuumia peke yangu.

Bomba halikugongwa.

Nikasubiri. Nikasikia jirani wa ghorofa ya pili akifungua mlango na kusema, "He! Mama! Wewe?" Halafu hatua, moja, kituo, nyingine, kituo. Halafu mlango wangu ukagongwa.

Alikuwa amesimama kizingitini, jasho linamtiririka, anahema, mikono mitupu. Fimbo kaiacha chini.

"Kwa hiyo ndiko unakoishi," Bibi akasema, akizungusha macho. "Pachafu."

Nilimshika mkono akaukataa. Akaingia, akakuta kiti changu kimoja, akakaa, akainuka, akakaa tena, bila kushika popote, kunionesha tu. Akauliza kwa nini kitanda kiko katikati ya chumba. Kisha akanishika kichwa akakilaza kwenye lile goti la kulia, akakaa nami, na sisi ni Kundi la Kukaa.

Alipokwenda, nilichukua karatasi ya Profesa nikaandika: mshiriki mmoja, ghorofa ya tatu, bila fimbo. Nikafuta. Hakupimwa na mtu, hakulinganishwa na mtu, na ni bibi yangu. Ile haikuwa data.

Nimeiandika hapa.